Mkuu wa jeshi la anga lazima awe rubani? Baraza letu limegawanyika

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Naileta hapa manake jana barazani Mkunguni, hapa Lamu, baada ya isha tulibishana mpaka kahawa ikapoa na hakuna aliyekubali kushindwa. Mpwa wangu amemaliza fomu fo, B ameipata, hesabu na fizikia anazila kama mkate wa mofa, na yuataka kuenda kadeti Lanet, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi. Lakini ni mtu wa miwani tangu darasa la nne, kwa hivo kurusha ndege asahau, mwenyewe asema ataingia upande wa ufundi wa ndege, uinjinia. Hapo ndo ami yake akatia neno, ati jeshi la anga bila mbawa kifuani, ile alama ya rubani, ni kuwabebea watu wengine mizigo, utapanda luteni, kapteni, meja, Mungu akijalia kanali, kisha utakaa papo hapo ukiwapigia saluti wale mliokimbia nao mchakamchaka Lanet mpaka siku ya kustaafu.

Mimi nakataa na nitasema kwa nini. Mwaka 2024 Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi yetu ya Kenya, Mungu amrehemu, alipofariki na wenziwe tisa kwenye ile helikopta ya Marakwet tarehe 18 Aprili, vyeo vya juu vilipangwa upya mwezi wa Mei. Aliyekuwa kamanda wa jeshi la anga, Omenda, akapandishwa kuwa naibu wa mkuu wa majeshi, na kiti chake akapewa Meja Jenerali Fatuma Ahmed. Wote wakashangilia mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi moja katika yale matatu, la nchi kavu, la anga na la majini, sawa, haki yake, lakini mimi kilichonigusa ni kingine: huyu mama hakupanda kwa kurusha ndege. Nikamwambia ami, haya, huyo je? Akasema huyo ni mmoja, usinihesabie mmoja.

Basi nikamuongezea wa pili. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 jeshi la anga lilivunjwa likaitwa 82 Air Force, na aliyeletwa kulisimamia ni Mahmoud Mohamed, mtu wa jeshi la nchi kavu kabisa, ndiye huyohuyo aliyezima mapinduzi. Ndege hazikuanguka kama maembe kwa sababu bosi si rubani, na yeye 1986 akapanda kuwa mkuu wa majeshi yote. Ami akanyamaza, akaitisha kahawa nyingine.

Nyinyi mwasemaje? Leteni hoja, matusi wekeni kando.

Fundi Matondoni
Ndugu yangu wa Langoni mimi nachonga majahazi, kazi ya babu na babu, mbao naijua kwa harufu. Na bado siku ya kutweka tanga sishiki usukani, namuachia nahodha. Kwani sijui chombo? Nakijua kumshinda. Lakini kusi ikivuma hapo mlangoni Shela mabaharia hawaniangalii mimi, wamuangalia yule aliyelowa nao miaka ishirini. Hiyo ndo hoja yangu, rubani akiambiwa ruka na hali ya hewa si nzuri, ama mashine ina kelele haielewi, huyo anayempa amri yafaa awe ashawahi kuskia tumbo likimkata akiwa juu. Na huo mfano wako wa Mahmoud si mzuri, ile ilikuwa adhabu, nyumba imeungua umeletewa mlinzi, si kwamba alichaguliwa kwa kuwa ndiye afaaye. Jeshi lenyewe lilikaa mpaka 1994 ndo likarudishiwa jina lake. Marekani hebu tazama, tangu jeshi lao la anga lisimame peke yake 1947 kila mkuu wake amekuwa rubani. Kila mmoja. Hao si wajinga.

Mwana wa Langoni
@Fundi hapo ndo twatofautiana, wewe wasema kamanda ni nahodha, mimi nasema kamanda ni tajiri wa jahazi. Tajiri yuko dukani anahesabu mbao, misumari, mishahara, nani atumwe Pemba nani abaki, na akiwa na akili humskiza nahodha. Nahodha wa jeshi la anga ni yule aliye ndani ya ndege na kiongozi wa kikosi chake, hao lazima wawe marubani, wala sibishi.

Fundi Matondoni
Tajiri asiyejua bahari ndiye anayezamisha watu. Twawajua hapa Lamu, nisitaje.

Bi wa Mambrui
Wanangu mwasema mbawa mbawa, mwajua Fatuma Ahmed alijiunga mwaka gani? 1983. Wanawake wakati huo walikuwa na kikosi chao peke yao, Women's Service Corps, mpaka kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingizwa kwenye majeshi yenyewe. Sasa niambieni, 1983, mwaka mmoja tu baada ya hayo mapinduzi, serikali haimuamini hata mwanamume mwenye ndege, nani angempa ndege msichana? Kwa hivo ukiweka sharti kwamba kamanda lazima awe rubani, kwa umri ule wake umeshawafungia wanawake wote mlango kabla hawajabisha hodi, halafu mwasema ni mambo ya ujuzi tu. Alikuwa brigedia wa kwanza mwanamke 2015, meja jenerali wa kwanza 2018. Hizo nyota hakuziokota ufukweni.

Ami Mwenyewe
Nimeambiwa natajwa huku, basi nijisemee. Mimi sikusema mwanamke hafai. Nimesema njia. Tazameni njia ya Ogolla hatua kwa hatua: kaingia jeshini Aprili 1984, luteni wa pili Mei 1985, akafunzwa ndege za kivita na Wamarekani, akawa mwalimu wa marubani, akapanda pole pole mpaka kamanda wa jeshi la anga 2018, naibu wa mkuu wa majeshi 2021, mkuu wa majeshi Aprili 2023. Miaka 39 na mwanzo wa ngazi ni ndege. Karangi kabla yake, 2011, ndo mtu wa kwanza wa jeshi la anga kukalia kile kiti kikubwa cha mkuu wa majeshi. Kijana wetu asidanganywe na mfano wa mtu mmoja, ajue mapema ngazi imeegemea ukuta gani.

Mwana wa Langoni
Ami shikamoo, lakini umenisaidia mwenyewe. Katikati hapo umeruka. Ogolla huyohuyo alisoma chuo cha kijeshi cha Paris, akasoma chuo cha ulinzi Karen, na ukishafika ukanali mambo ni faili, bajeti, mipango, vikao, nani apelekwe kozi na ndege ipi inunuliwe. Mbawa zinakufikisha umeja, kutoka hapo ni meza. Sasa kama kazi ya juu ni ya meza, mbona injinia aliyekaa na zile mashine miaka ishirini na anajua ipi ni kuukuu, asikalie hiyo meza? Ile ya Marakwet ilikuwa Huey, aina ya helikopta iliyoanza kuruka miaka ya 1950. Simlaumu mtu, nasema tu kwamba kujua hali ya chuma ni nusu ya jeshi la anga na wenye kuijua hawana mbawa.

Na sisi wa Lamu tusisahau 5 Januari 2020. Alfajiri, Manda Bay, kambi ya jeshi wanamokaa na Wamarekani, Al-Shabaab wakaingia, Wamarekani watatu wakauawa, ndege zikaungua zikiwa chini. Chini! Hapakuwa na rubani hodari ambaye ubingwa wake angani ungesaidia, kilichokosekana ni ulinzi wa ardhini, na Wamarekani wenyewe walipochunguza wakasema hivohivo.

Mtu wa Ngomeni
Mimi niko upande wa kijana. Hapa kwetu baharini ziko zile nguzo za San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, tumekua tukivua samaki kando yake. Mwenye wazo alikuwa Luigi Broglio, afisa wa jeshi la anga la Italia, injinia, na mwaka 1970 tarehe 12 Disemba ikarushwa satelaiti kutoka hapo ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku ya uhuru wetu. Afisa wa anga si lazima aruke, wengine huvirusha vitu. Na siku hizi kuna Shirika la Anga za Juu la Kenya tangu 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Mbona ami haitazami ngazi hiyo?

Shela Kimya
Yakhe mwabishana ukamanda wa 2060 na mtoto hata kadeti hajaitwa 😂😂 Muhimu ni huu: tangazo likitoka siku huwa chache, vyeti viwe tayari, na ASITOE SENTI KWA MTU. Jirani yangu aliuza ng'ombe wawili akampa mtu aliyejiita afande, kijana akarudi na ng'ombe hawakurudi. Na aulize vizuri, kama injinia si afadhali asome digrii kwanza aingie kama afisa mtaalamu? Kuna mlango wao.

Mwana wa Langoni
@Shela hilo la digrii hatukulifikiria wallahi, nimemuonyesha kijana sasa hivi na yuafikiria. Ami naye kalainika, asema atampeleka yeye mwenyewe mpaka uwanja wa mchujo, ila kwa sharti kwamba siku hiyo miwani aiache nyumbani, ajaribu bahati yake kwa marubani kwanza. Nikamwambia, ami, sasa ataionaje meza ya kuandikishwa? Na hapo tumeanza upya, kahawa imeitishwa.