Naomba ushauri: DNA ya mkomafi na mkomafi dume
Wakuu habari zenu, niko Rufiji nakusanya majani ya mikoko, sasa mkomafi (Xylocarpus granatum) na mkomafi dume (X. moluccensis) ikiwa mikubwa naitofautisha kwa gome, la mkomafi laini linabambuka, la dume limekakamaa, ila miche ndo inafanana balaa. Nataka nipime DNA. rbcL (kipande cha DNA ya kloroplasti kinachotumika kutambua mimea) peke yake naona haitoshi, inabadilika taratibu mno spishi ndugu zinaweza kutoka sare, afu DNA ya kloroplasti mara nyingi inatoka kwa mama tu kwa hiyo chotara haumkamati, ndo nawaza niongeze ITS (kipande cha DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote wawili). Au niweke na trnH-psbA (kipande kingine cha kloroplasti, kinabadilika haraka kuliko rbcL)? Na hizi tanini kibao za majani (kemikali zinazosumbua kutoa DNA), mnaotumia CTAB (dawa ya kutolea DNA kwenye mimea) mnaweka PVP (ya kunasa tanini) kiasi gani? Nakausha kwa silika jeli, friza huku hamna, na hela ya maabara yenyewe ya kuungaunga.