Tangi la lita 60, siku ya 14: amonia haishuki, naitraiti haionekani

Jirani wa Tudor

Assalaam aleikum wenzangu. Tangi ni la lita 60, filta ni ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, samaki bado sijatia. Nalea kwanza bakteria wa kusafisha maji; nawalisha amonia kloraidi na leo ni siku ya 14. Vipimo vya matone vyasema hivi (kwa miligramu kwa lita): amonia 4, naitraiti 0, naitreti 20, pH 8.2. Joto la maji nyuzi 29. Maji ni ya kisima, nachanganya na ya mfereji yanapokuja. Mchanga ni wa ufuoni, umeoshwa vizuri. Usiku pampu naizima kwa sababu ya kelele, na sponji naisuuza mferejini kila Jumamosi kwa kuwa inakuwa na utelezi.

Hiyo naitreti 20 si dalili kwamba bakteria wameshaingia? Na kama wameingia, mbona amonia iko palepale?

Fundi Vioo

Wa aleikum salaam. Tuanze na hiyo naitreti. Pima maji ya kisima peke yake, kabla hayajaingia tangini. Visima vya mjini vimepakana na mashimo ya vyoo, na naitreti hupenya ardhini mpaka ikafika kisimani. Ukiikuta 20 huko, basi umeileta mwenyewe na ndoo, si kazi ya bakteria.

Kazi yao ina hatua mbili. Nitrosomonas na jamaa zake hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza naitraiti kuwa naitreti. Kundi la pili huchelewa, ndiyo maana naitraiti hupanda kwanza, tena hupanda sana, ndipo ishuke. Tangi ambalo halijaonyesha naitraiti hata chembe na amonia imekaa tu, halijaanza.

Sasa sababu. Huo utelezi unaousuuza ndio makazi yao. Bakteria hawa hawaishi kwa kuelea majini, hujibandika kwenye sponji, mchanga na vioo. Klorini ya mfereji imewekwa iue vijidudu, nayo haichagui. Sponji huoshwa inapoziba tu, tena ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini. Iminye mara mbili tatu maji ya kahawia yatoke, basi, irudishe. Ikirudi ikiwa safi kama ya dukani umeanza upya.

Hata maji ya mfereji unayoongeza yaache kwanza kwenye ndoo wazi saa 24 na jiwe la hewa likitokota ndani, au utie dawa ya kuondoa klorini.

Pampu ya usiku ndiyo inayonisikitisha zaidi. Kugeuza gramu 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia mpaka iwe naitreti hula zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Maji ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9. Joto la Mombasa ni zuri kwa bakteria, hita huhitaji kabisa, lakini hilohilo joto linawabana pumzi. Pampu isizimwe hata saa moja. Kelele nyingi hutokana na pampu kutetemeka juu ya meza: iweke juu ya kipande cha godoro, au itundike kwa kamba. Na ikae juu kuliko usawa wa maji, stima ikipotea maji yasirudi ndani yake kupitia mpira.

Bi Kokoto

Naongeza kuhusu kipimo cha amonia. Nne ni nyingi, lenga 2. Yeyusha gramu 10 za amonia kloraidi kwenye maji safi mpaka yafike mililita 500. Kwa lita 60, mililita 19 za maji hayo zatoa karibu 2. Pima kwa sirinji, si kwa kijiko. Kwa sasa badilisha nusu ya maji, kisha usitie tena mpaka amonia ishuke chini ya 1. Ikipita 5 bakteria hudumaa, na naitraiti nayo ikirundikana mno huchelewesha hatua ya pili.

Mchanga: dondoshea siki. Ukitoa povu una magamba na matumbawe ndani, na hiyo ndiyo asili ya pH 8.2. Bakteria wenyewe wanaipenda, tena pH ikishuka chini ya 6 hufanya mgomo, kwa hiyo kwao usihangaike. Tatizo ni samaki. Kwa joto lako, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 kwenye pH 7, ila kwenye pH 8 ni asilimia 7 hivi. Kosa dogo la chakula kwenye tangi lako litauma zaidi. Gapi na moli watastahimili mchanga huo, neoni hapana.

Jirani wa Tudor

Shukrani nyingi. Nimepima kisima: naitreti 20, kama mlivyosema. Je, nitupie kamba mmoja aoze badala ya amonia? Na kuna rafiki Likoni, ng'ambo ya feri, mwenye tangi la miaka, nichukue sponji yake?

Fundi Vioo

Kamba huoza na hutoa amonia, ila huwezi kujua ametoa ngapi, na maji hugeuka meupe kama tui kwa bakteria wengine wanaokula uozo, wanaogombania oksijeni na hawa unaowataka. Wewe una amonia kloraidi, kaa nayo.

Sponji ya Likoni ndiyo dawa, mradi samaki wa huko hawana ugonjwa. Iweke kwenye kopo lenye maji kidogo ya tangi lake, ya kuilowesha tu, nafasi iliyobaki iwe hewa. Ukijaza kopo maji na kulifunika, foleni ya feri pekee yatosha kuwamalizia bakteria oksijeni. Ukifika, iweke ubavuni mwa sponji yako na usiitoe kwa wiki nne. Mara nyingi naitraiti huonekana ndani ya siku chache.

Bi Kokoto

Utajua limekamilika hivi: tia amonia 2 jioni, jioni ya pili amonia iwe 0 na naitraiti 0. Rudia siku mbili mfululizo. Chupa ya naitreti itikise kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha, dawa hutuama chini ukasoma namba ya uongo. Naitraiti ikiwa juu ya kipimo, changanya sehemu 1 ya maji ya tangi na 9 ya maji safi yasiyo na naitraiti, kisha zidisha jibu kwa 10.

Halafu badilisha robo tatu ya maji, kwa ya mfereji yaliyotolewa klorini, maana ya kisima yatakurudishia naitreti. Tia gapi sita siku hiyohiyo. Bakteria wasiopewa amonia hupungua, usiwaache na njaa wiki nzima ukisubiri kwenda dukani.