Unaambiwa "maziwa hayatoshi" na mtu ambaye hajamwona mtoto akinyonya!

Wadau, leo yamenifika shingoni.

Mtoto ana wiki tatu. Kapimwa, uzito umeshavuka aliozaliwa nao. Muuguzi hata macho hakuinua: "Mama, maziwa yako hayatoshi, mwanzishie ya kopo." Kaandika kwenye kadi, kaita anayefuata. Hakuniambia nimnyonyeshe aone. Hakuuliza anakojoa mara ngapi. Ukutani juu ya kichwa chake inaning'inia kalenda yenye nembo ya kampuni ya maziwa hayo hayo, wakati kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza vituo vya afya kutumika kuyatangaza.

Sasa jamani, mtoto analowesha nepi sita na zaidi kwa siku, anameza unasikia, uzito unapanda. Hayatoshi kwa kipimo kipi? Na hata kama kweli ni machache, kazi ya kwanza ni kutazama anavyoshika titi. Akikamata chuchu tupu, bila kujaza mdomo na ile sehemu nyeusi, atanyonya saa nzima apate kiduchu na mama abaki na vidonda. Hilo mtu anayejua kazi anaweza kulirekebisha pale pale kwenye benchi. Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Ukianza kumjaza kopo, ananyonya kidogo, na titi nalo linapunguza. Mwezi ujao yule muuguzi atasema si nilikwambia!

Kituo hicho hicho, mwingine kaniambia nimpe maji maana kuna joto. Maji! Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na WHO na UNICEF wanasema miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Daktari naye, titi limevimba na homa juu, kaniandikia antibiotiki akasema niache kunyonyesha hadi nimalize dozi. Titi lililovimba ukiliacha limejaa ndiyo unalikaribisha jipu, na dawa zinazotumika sana kwa tatizo hilo hazimzuii mama kunyonyesha. Angefungua kitabu tu.

Msinijie na habari ya foleni ndefu. Foleni naiona. Lakini kumwambia mtu jambo la uongo na kumwambia la kweli kunachukua dakika zile zile. Zile Hatua Kumi za kunyonyesha, mwongozo wa WHO na UNICEF kwa vituo vya uzazi, zipo tangu 1989, zikapitiwa upya 2018, na hatua ya pili inataka wahudumu wawe na ujuzi wa kumsaidia mama. Kopo lenyewe silipingi, wapo wanaolihitaji. Ila liandikwe kwa sababu, siyo kwa kukisia.

Nauliza: kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya aina hii kwa msimamizi wa kituo kwa maandishi? Alijibiwa nini? Na ile "maziwa hayatoshi" kwenye kadi, naweza kudai ifutwe?