Limoges hadi Aurillac kwa baiskeli: nitaitambuaje barabara tulivu kabla sijaikanyaga?

Kaseti28

Habari wakuu. Napanga siku tano za baiskeli ya barabarani Ufaransa, mwisho wa Juni: kuanzia Limoges, kupanda uwanda wa Millevaches, kushuka Bort-les-Orgues, kisha Salers, mpito wa mlimani wa Pas de Peyrol na kumalizia Aurillac. Tairi 28 mm, gia nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 28 nyuma, mzigo kilo 5.

Kinachonishinda ni ramani. Kila barabara ni D, D, D, yaani barabara za mkoa. Kuna kanuni inayorudiwa kila mahali kwamba D ya tarakimu moja au mbili ina magari na D ya tarakimu tatu ni tulivu. Sasa mbona D940 na D941 zimechorwa nene hivyo? Nikiiachia programu ya simu ichague, inanitupa kwenye vijia vya mashambani. Mnachujaje? Au niachane na barabara, nishike zile voie verte (njia zilizotengwa na magari) tu?

RamaniMezani

Mkuu, hiyo kanuni ni nusu kweli. Mwaka 2006 serikali kuu ilikabidhi mikoa kilomita zipatazo 18,000 za barabara za N, yaani za taifa, na kila mkoa ukazibandika namba mpya za D. Kabla ya hapo kulikuwa na uhamisho mwingine mkubwa miaka ya 1970. D941 yako ni N141 ya zamani, D940 ni N140, na D1089 inayopita Tulle na Ussel ni N89. Kwa hiyo namba ya tarakimu tatu inayoanza na 9, au yenye tarakimu nne, mara nyingi ni barabara kuu iliyovuliwa cheo. Namba imebadilika, malori yanaweza kuwa yale yale.

Lakini usizifute zote. Badala ya kuuliza barabara ina namba gani, jiulize nani ana sababu ya kuipita. D809 ya Lozère ni N9 ya zamani, pana na nyoofu, lakini sambamba nayo kuna A75 ambayo hailipiwi, isipokuwa daraja la Millau. Mwenye haraka yuko kule, kwenye D809 unabaki na wenyeji. Pale barabara ya kasi inapolipiwa hesabu hugeuka: wanaokwepa kulipa hurudi kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo tafuta barabara yenye ndugu mkubwa aliye karibu na wa bure, au barabara isiyounganisha miji miwili yoyote.

Kuna pia takwimu. Mikoa mingi hutoa ramani ya hesabu ya magari; tafuta jina la mkoa pamoja na "TMJA", yaani wastani wa magari kwa siku katika mwaka. Chini ya 500 ni raha tupu: hata saa yenye pilika, ikichukua sehemu ya kumi ya magari ya siku, ni 50 kwa pande zote mbili. Kati ya 500 na 1,500 inavumilika. Ikivuka 3,000 tafuta njia nyingine, hasa kama haina bega la lami.

Kwenye ramani za Michelin, ishi na barabara nyeupe, vuka za njano, na nyekundu ziguse tu pale usipokuwa na ujanja. Namba nazo hupangwa na kila mkoa kivyake, kwa hiyo D moja inaweza kubadilika jina katikati ya msitu, kwenye mpaka wa Creuse na Corrèze, na mara nyingi hata lami hubadilika papo hapo. Andika majina ya vijiji kwenye karatasi yako, sio namba peke yake.

LamiNaNyasi

Kuhusu vijia vya mashambani: kosa liko kwenye data. Njia ikikosa maelezo ya uso wake, programu hukisia. Chagua mpangilio wa baiskeli ya barabarani, kisha kagua kwa picha ya satelaiti kila kipande kisicho na namba ya D. Barabara ya kijiji yenye lami huonekana kijivu kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Njia ya udongo ina mistari miwili myeupe na rangi yake hubadilika kila inapopita kwenye kivuli. Ukiona kijivu chenye utepe mwembamba wa kijani katikati, usiogope. Hiyo ni lami iliyoota nyasi kwa sababu magari ni machache mno, na ndiyo unayoitafuta. Pita upande mmoja wa zile nyasi, usizikanyage kukiwa na unyevu.

Kuhusu voie verte, tofautisha maneno mawili. *Voie verte* ni njia iliyotengwa, magari hayaruhusiwi. *Véloroute* ni mkondo wenye vibao tu, na sehemu zake kubwa zinaweza kuwa barabarani pamoja na magari. Tena voie verte si lazima iwe ya lami. Givry hadi Cluny kule Burgundy, iliyofunguliwa 1997 juu ya reli ya zamani, ni laini. Njia ya mfereji wa Garonne hadi Toulouse nayo ni laini. Ukiendelea na Canal du Midi, lami inakusindikiza hadi karibu na Port-Lauragais, halafu mkoani Aude unaweza kukutana na udongo na mizizi ya miti, na kwa tairi 28 ni mateso. Kwa safari yako, barabara nyeupe za Creuse na Corrèze ni bora kuliko njia yoyote iliyotengwa. Hazina vizuizi vya chuma kila makutano wala watoto wanaojifunza kuendesha.

GiaNyepesi

Nianze na hiyo 28 ya nyuma: badilisha. Upande wa Le Falgoux, kilomita mbili na kitu za mwisho za Pas de Peyrol zina wastani unaozidi asilimia 11. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, 34 kwa 28 inakudai karibu kilomita 9.2 kwa saa, na 34 kwa 32 inakudai kama 8. Kwenye mwinuko ule, baada ya siku tatu za miguu mizito, tofauti hiyo ndiyo kukaa kwenye kiti au kushuka kusukuma. Kabla ya kununua kaseti (seti ya gia za nyuma), hakikisha mkono wa gia wa nyuma unaimudu gia ya meno 32, na mnyororo unatosha ukiwa kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja.

Tairi 28 zinatosha, lakini usizijaze hadi ziwe kama mbao. Lami ya vijijini kule ni ya mawe yaliyomwagwa juu ya bitumeni, inakwaruza na kutikisa. Kwa mtu wa kilo 75 na mzigo wako, psi 70 hadi 75 ni sawa.

Sasa jambo ambalo halionekani kwenye ramani yoyote: kibao kilichoandikwa *Gravillons*, yaani kokoto. Kipindi cha joto wanaweka tabaka jipya. Wananyunyiza bitumeni, wanamwaga kokoto ndogo, wanashindilia kidogo, kisha magari ndiyo yanayomalizia kazi kwa siku kadhaa kabla ya kufagiwa. Barabara tulivu ina magari machache, kwa hiyo kokoto hukaa huru muda mrefu zaidi. Magurudumu huzisukuma hadi katikati ya barabara na ukingo wa nje wa kona, na zinabaki njia mbili safi walipopita. Shika mojawapo. Punguza mwendo kabla ya kona, usiguse breki ndani yake. Jua likiwa kali bitumeni hupanda juu na kugandisha kokoto kwenye tairi, halafu kila mzunguko unazigandamiza ndani. Ukishatoka hapo simama, zungusha gurudumu, zibandue kwa kidole kilichovaa glavu. Ukipuuza, pancha itakuja kilomita kumi mbele na utadhani ni mwiba.

RamaniMezani

Naongezea kuhusu saa, maana utulivu una ratiba. Saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ni watu wa kazini na mabasi ya shule. Saa sita hadi saa nane mchana barabara hubaki tupu kabisa, ila maduka nayo hufungwa, kwa hiyo nunua mkate kabla ya saa sita. Jumatatu mikate ni shida, waokaji wengi hupumzika.

Millevaches ni nchi ya misitu ya mbao, na siku za kazi yapo malori ya magogo hata kwenye barabara nyeupe. Sheria inataka dereva akuachie mita 1.5 nje ya mji, lakini barabara yenyewe ni mita 4. Ukimsikia nyuma, simama kando apite. Malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi, isipokuwa machache yenye kibali, kuanzia Jumamosi saa nne usiku hadi Jumapili saa nne usiku. Iweke Millevaches Jumapili. Pas de Peyrol fanya kinyume: Jumapili ikiwa na jua hujaa pikipiki, kwa hiyo panda siku ya kazi na uwe juu kabla ya saa tatu.

Kaseti28

Asanteni sana, 32 nimeiagiza. Bado mawili: kutoka Limoges yenyewe, na maji huko juu.

LamiNaNyasi

Limoges usihangaike nayo. Panda TER (treni ya kanda) ya kwenda Ussel na baiskeli yako, shuka Saint-Léonard-de-Noblat au Eymoutiers. Nafasi za baiskeli ni chache, fika mapema. Ukianzia Eymoutiers unaiacha D979 karibu mara moja na kuingia barabara nyeupe za upande wa ziwa Vassivière.

Maji: makaburi ya kijiji karibu kila mara yana bomba, kwa ajili ya maua. Kama pameandikwa *eau non potable* (maji yasiyofaa kunywa), pita. Beba chupa mbili za ml 750, vijiji vingi vya juu havina duka.

Na kwenye vitongoji angalia kulia. Makutano yasiyo na kibao chochote, anayetoka kulia ndiye mwenye haki, hata akiwa anatoka kwenye kijia chenye upana wa trekta lake. Ukiona kibao cha njano chenye umbo la almasi, haki ni yako hadi ukutane na kilekile kilichokatwa kwa mstari mweusi.

GiaNyepesi

Kutoka Salers shika D680 kupitia Col de Néronne, kisha baada ya Pas de Peyrol teremka D17 kupitia Mandailles hadi Aurillac. N122 ya upande wa Murat iache kwa malori. Na angalia breki kabla ya kuteremka: kona za kwanza chini ya Peyrol zinabana, na lami pembeni imevunjika.