Kampuni inataka kujenga maghorofa mtaani kwetu Keko, tufanyeje mtaa upendeze na sisi tubaki?

Binti_Temeke

Habari za jioni wakuu, naomba ushauri hasa kwa mliowahi kupitia hii kitu.

Mtaa wetu uko Keko, huku ndani nyuma ya mafundi seremala. Kuna kampuni imekuja ikaitisha kikao, wakatuonyesha picha kwenye skrini, maghorofa, bustani, maduka chini, sehemu ya kupaki magari, wanasema mwenye nyumba anaweza kuuza au akaingia ubia apewe fleti. Picha zilikuwa nzuri kwa kweli. Na sio kwamba hatutaki kujengewa jamani, mvua ikinyesha maji ya choo yanatembea uani, gari la zimamoto haliwezi kuingia, mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka barabarani ndo apate bajaji. Tunataka sana.

Ila nyumba ya mama ina vyumba sita, viwili tunakaa sisi na vinne wapangaji, mmoja wao yuko pale tangu mimi niko shule ya msingi. Nilipouliza kwenye kikao hawa wapangaji inakuwaje nikaambiwa wapangaji ni suala la mwenye nyumba. Haya, na mafundi je? Pale mbele kuna banda moja lina mashine ya randa, mafundi wengine hawana, wanapeleka mbao zao pale wanalipa kwa ubao. Aliyepigiwa randa anaunga kitanda banda la pili, anakuja mpiga vanishi, kuna anaeshona makochi, kuna vijana wa mikokoteni wanapeleka mzigo kwa mteja, na kuna mama ntilie anaewalisha wote hao na wengine anawaandikia mpaka Jumamosi. Kwenye zile picha sikuona hata banda moja. Niliona mgahawa na benki.

Sasa naomba kujua, kuna sehemu yoyote walijenga upya mtaa na watu walewale wakabaki? Na tuanzie wapi? Mama anaambiwa asaini fomu ya kuonyesha nia.

---

Mzee wa Kota

Binti, mama asisaini kitu kwanza.

Mfano wa karibu ni Magomeni Kota, hapohapo Dar. Wale watu walitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zikavunjwa, pakabaki kiwanja kitupu miaka na miaka watu wamepanga huku na kule wanasubiri. 2016 Rais Magufuli akaenda pale akasema serikali itajenga na kaya 644 zitarudi zikae miaka mitano bila kulipa kodi. 2022 Rais Samia ndo akazifungua. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati. Mtoto aliyetoka pale anaingia darasa la kwanza amerudi ni kijana, na wapo wazee waliofariki wakiwa wamepanga kwa watu.

Lakini walirudi. Na walirudi kwa sababu moja kubwa, ile namba 644 ilikuwa na majina nyuma yake. Zile zilikuwa nyumba za umma, kila kaya inajulikana, wakaungana wakawa na kamati yao wakapiga kelele miaka yote hiyo na hakuna aliyeweza kuwaambia nyie ni kina nani. Nyie huko Keko orodha yenu iko wapi? Mwenye nyumba ana karatasi, sawa, mpangaji wa vyumba vya uani jina lake liko kwenye daftari gani? Ukiniuliza mimi hapo ndo pa kuanzia, kabla hamjaongea habari za ramani wala za fleti ngapi.

---

Mthamini_Mstaafu

Niongezee upande wa sheria maana watu wengi wanachanganya mambo mawili.

Kama ni kampuni binafsi haina mamlaka ya kumtoa mtu. Inanunua kwa anaetaka kuuza na anaekataa amekataa. Serikali ndo inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na hapo fidia inafuata Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001. Kwahiyo swali la kwanza kwenye kikao kijacho, hili ni soko huria au eneo linatwaliwa? Wajibu kwa maandishi.

Ikiwa ni kutwaliwa, mwenye eneo analipwa thamani ya soko ya ardhi na nyumba, juu yake posho ya usumbufu, usafiri wa kuhamisha mizigo, posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36, na mwenye biashara faida aliyopoteza nayo mara miezi 36. Hiyo ya mwisho ndo inawaumiza mafundi kama wa kwenu maana inataka hesabu zilizokaguliwa, na fundi wa randa hesabu zake ziko kwenye daftari la kaunta lililojaa vumbi la mbao, kama lipo. Mwambieni kila fundi aanze leo kuandika, mbao ngapi, shilingi ngapi, atunze risiti za umeme na leseni yake ya biashara. Halitakuwa limekaguliwa lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Mpangaji wa kawaida kwa mfumo huu hana chake, fidia inakwenda kwa mwenye haki kwenye ardhi. Ndo ukweli na nausema kwa masikitiko maana nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona mwenye nyumba anahesabiwa hela yake mezani na nje familia nne zinafunga magodoro. Kinachoweza kumlinda mpangaji ni makubaliano mnayoyaweka nyie wenyewe kwenye mkataba kabla, sheria peke yake haimfikii.

Na mama ana karatasi gani? Hati, au leseni ya makazi? Kama ni leseni aangalie tarehe, zile zina muda na watu wengi wamesahau kuhuisha.

---

Chanika_Kumenoga

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Tulikaa Buguruni, tukauza, tukaja huku Chanika, leo tuna kiwanja kikubwa, migomba, watoto wanacheza. Sio kila anaeondoka mjini ameonewa. Mbona mnaongea kama kubaki kwenye vyumba vya uswahilini ni lazima? Mwenye nyumba ana haki ya kuuza kwa bei nzuri na mkianza masharti mengi kampuni inahamia mtaa mwingine mnabaki na maji ya choo yenu.

---

Mzee wa Kota

@Chanika_Kumenoga wewe uliuza kwa hiari yako na ulikuwa na cha kuuza, hongera kabisa. Tunaongelea asiyekuwa na cha kuuza. Kurasini palipopanuliwa bandari wapangaji hawakupata fidia, wakaungana kwenye vikundi vya kuweka na kukopa wakanunua shamba Chamazi wajenge wenyewe. Walifanya kazi kubwa sana na nawaheshimu. Ila muulize aliyekuwa anauza uji getini bandarini, Chamazi uji anamuuzia nani, na nauli ya kurudi mjini kila alfajiri anaitoa wapi. Nyumba alipata, riziki ilibaki Kurasini.

---

Wa_Huruma254

Majirani habari zenu, mimi niko Nairobi na hii thread imenigusa sana acha niwaambie vile sisi tulifanya.

Huruma kuna kijiji kinaitwa Kambi Moto, ardhi ilikuwa ya City Council, yaani halmashauri ya jiji. Watu walikuwa wanaishi kwa mabati, moto ukishika unachoma wote. Wakajiunga na Muungano wa Wanavijiji, ule umoja wa watu wa mitaa ya mabanda, wakaanza kuweka akiba kidogo kidogo kila siku, alafu wakajihesabu wenyewe. Sio afisa anakuja na kalamu, ni wao, mlango kwa mlango, nani analala hapa, ni mwenye nyumba ama ni mpangaji, ana watoto wangapi, anafanya kazi wapi. Ikiisha kuandikwa inasomwa mbele ya watu wote ili kama kuna mtu amejiandikisha mara mbili ama ameleta binamu kutoka kijijini kwao majirani waseme hapohapo. Sasa wakienda kwa Council wana karatasi ambayo Council yenyewe haina. 2003 wakasaini makubaliano.

Kitu ngumu zaidi haikuwa Council, ilikuwa kati yao. Kuna mwenye mabanda alikuwa na vyumba kumi anakusanya kodi, na kuna wapangaji wake. Waliongea sana, sio siku moja, na wakakubaliana kila familia ipate nyumba moja, awe alikuwa mwenye banda awe alikuwa mpangaji. Mwenye vyumba kumi alipoteza kodi ndio, lakini alipata haki ya kukaa kwa ardhi ambayo hakuwa nayo hata siku moja, maana hata yeye alikuwa anaweza kufurushwa asubuhi yoyote.

Kwa mchoro walitengeneza nyumba ya vitambaa na mbao, saizi kamili, wakaisimamisha uwanjani, kina mama wanaingia ndani wanasema hapa jiko haitoshi, hapa ngazi imekula nafasi. Mwisho nyumba ikawa mita 4.5 kwa 4.5 chini, alafu unapanda juu ukipata pesa. Vipande vya slabu, tunaviita laadi, walikuwa wanamimina wenyewe hapo kwa kijiji. Na hawakuvunja kijiji chote mara moja, walijenga kipande, watu wakaingia, wakaenda kipande ingine. Hiyo nawaomba muichukue, mtu asihame mbali na kazi yake hata wakati wa kujenga.

Nisiwadanganye hata hivyo. Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda hapa Nairobi, 2017 kaunti ilitangaza ni eneo maalum la mipango, zaidi ya kaya 100,000, watu wakapangwa nyumba kumi kumi wachague wawakilishi, kazi safi sana. Barabara na maji zikakuja kwa sehemu kadhaa. Lakini 2021 bado sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, maelfu wakalala nje. Kwahivyo mpango mzuri bila haki ya ardhi iliyoandikwa, bado uko hatarini.

---

Binti_Temeke

Asanteni mno, nimemsomea mama yote. Ana leseni ya makazi ambayo imeisha muda, kesho naenda kufuatilia.

@Wa_Huruma254 hapo pa mwenye vyumba kumi ndo mtihani wangu. Huku wenye nyumba wana leseni na mama anaishi kwa kodi ya vile vyumba vinne, hana pensheni. Siwezi kumwambia aachie. Na wakitupa fleti moja tu mama atakula nini? Alaf fleti ina gharama, pampu ya maji, lifti, taa za ngazi, usafi, mjane wa miaka sitini na kitu analipaje kila mwezi?

---

Mthamini_Mstaafu

Swali zuri hilo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu mtu kuwa na hati ya fleti yake mwenyewe na wamiliki wanaunda umoja wao wa kuendesha jengo, gharama mnapanga nyie. Kwahiyo mkijadiliana msiombe fleti tu. Ombeni mama apate fleti ya kukaa na nyingine ndogo ya kupangisha, na wapangaji waliopo sasa wapewe nafasi ya kwanza kwa kodi iliyoandikwa kwenye mkataba kwa miaka kadhaa. Frem za chini ziwe mali ya umoja wa wamiliki na kodi yake ilipie pampu na taa. Na msikubali jengo la lifti kama mnaweza kupata la ghorofa tatu nne la ngazi, lifti ikiharibika ni pesa nyingi na wazee wanakuwa wafungwa juu huko.

Mafundi wasiwekwe chini ya vyumba vya kulala, ile kelele ya randa na vumbi mtagombana mwezi wa kwanza tu. Watafutiwe eneo lao upande wa barabara, pamoja, mteja aone kitanda akiwa kwenye gari. Mkiwatawanya kila mmoja na frem yake sehemu tofauti mmeua biashara hata kama wote wako Keko.

Halafu mtu atakaa wapi wakati wa ujenzi, nani analipa kodi hiyo, na jengo likichelewa nani anaendelea kulipa. Hilo liwe na tarehe na dhamana ya benki. Kuahidiwa kwa mdomo ndo kulikowaweka watu nje miaka.

---

Mama_Voi

Mie nachangia kidogo tu. Hapa Voi, Kenya, tuna mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaaji walichagua ardhi ishikwe na wote kwa pamoja, kila mtu nyumba yake ni yake lakini ardhi chini haiuzwi. Ukiondoka wauza nyumba, ardhi yabaki. Walifanya hivyo kwa kuogopa wenye pesa wangekuja kununua viwanja vyote baada ya barabara na maji kufika. Hati ikitoka huwa ndo wakati mtu masikini anashawishika kuuza, ana mgonjwa, ana ada, anakuja tajiri na kitita. Si wote walioupenda mpango ule maana benki hazikopeshi rahisi kwa ardhi ya pamoja, ila fikirieni hata kwa zile frem na eneo la mafundi.

---

Chanika_Kumenoga

Nimesoma yote. Hii ya kujenga kwa vipande watu wasihame mbali naikubali, sisi Buguruni tungeambiwa hivyo labda shemeji yangu asingepoteza genge lake. Ila mjihesabu haraka, kampuni nayo haisubiri.

---

Binti_Temeke

Nimeongea na wenye nyumba saba wa uchochoro wetu, watano wamekubali tusisaini mpaka orodha ikamilike, wawili wanasema wana shida ya hela sasaivi na siwalaumu. Mjumbe amekubali tutumie baraza lake Jumapili. Fundi wa randa ndo atazunguka na mabanda, wapangaji wamechagua mama ntilie awe anawaandikia upande wao kwa sababu anawajua wote kwa majina.

@Wa_Huruma254 lile daftari lenu lilikuwa na vipengele gani? Kama unaweza niandikie hapa au nitumie picha ya ukurasa mmoja, ficha majina. Na mpangaji ambaye yuko safarini mlikuwa mnamuandikaje, maana hapa wapo vijana wa magari wanakaa wiki mbili barabarani.