Nililipia binti yangu mafunzo ya skating hapa Malindi, nikarudishiwa mtoto na plasta

Wanajamvi, salaam. Mimi si mwandishi, ni fundi wa baiskeli na tuktuk hapa Malindi, kwa hivyo mtanivumilia. Nimekaa na jambo hili siku kumi na moja nikijiambia liache lipite. Jana nikatolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi bila hata kwa heri, basi leo nasema yote. Jina la klabu silitaji, msije inbox kuniuliza. Wanaowajua watawajua.

Binti yangu ana miaka 10. Likizo ya Desemba binamu yake alimwonyesha kwenye simu video ya Surya Bonaly, yule dada mweusi wa Ufaransa aliyepiga sarakasi ya kinyumenyume juu ya barafu kule Nagano mwaka 1998 akatua kwa mguu mmoja. Sarakasi ile ilikuwa imekatazwa mashindanoni. Akaipiga vile vile, majaji wanamtazama. Mtoto aliirudia ile video mpaka bando langu likaisha. Kuanzia siku hiyo nyumbani hakukukalika, anazunguka jikoni kwa soksi, anagonga sufuria, mamake anapiga kelele. Aliponiambia, "Baba, nataka skating," yaani huko kuteleza kwa viatu, nyanya yake alisikia kutoka barazani akauliza, sketi ya nini tena na sare za shule zimenunuliwa juzi? Tulicheka. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Mwezi Januari nikaliona bango lao. Msichana amesimama kwenye barafu, mguu mmoja juu nyuma, kiatu cheupe chenye chuma chini. "Jiunge na klabu, jifunze figure skating." Sasa Malindi hii, jua hili, barafu tunayoijua ni ya kuwekea samaki. Nikaenda kuuliza. Kocha, kijana mchangamfu, maneno matamu, akaniambia, "Mzee, hapa tunafundisha kwa magurudumu, mitindo ni ile ile. Akishaiva tunampeleka Nairobi kwenye barafu ya ile hoteli ya Mombasa Road."

Niwe mkweli, hapo hakudanganya. Figure ya magurudumu ipo na ni mchezo kamili wenye mashindano ya dunia, na Nairobi barafu ipo kweli, hata timu yetu ya magongo ya barafuni imetokea pale. Ndiyo maana nikaamini na mengine yote.

Hesabu ni hii. Kujiandikisha 2,500. Ada ya mwezi 2,800, nikalipa miezi miwili kwa mkupuo kwa sababu kocha alisema nafasi zinajaa, hiyo ni 5,600. Halafu kukodi viatu shilingi 150 kila siku ya somo, mara saba, 1,050. Jumla 9,150, zote M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, risiti hakuna hata moja. Mimi kuziba panchari ya baiskeli natoza shilingi 50. Pigeni hesabu wenyewe, ni panchari 183. Nimeinama mara 183 ili binti yangu afundishwe.

Tuliahidiwa ukumbi wenye sakafu laini. Ukumbi tuliuona Jumamosi mbili tu. Ya tatu mlango umefungwa kwa kufuli, watoto wamekaa ngazini, kocha anafika saa nne na nusu badala ya saa tatu, anasema leo tutafanyia nje kwenye kabro, yale matofali ya kutandika njia, kule ufuoni. Kuanzia hapo ikawa kabro moja kwa moja. Anayeijua kabro ya karibu na bahari anajua, kuna mianya, kuna mawe yaliyoinuka, na kaskazi ikivuma mchanga unatambaa juu yake kama unga. Bodaboda zinapita. Vijana wakubwa wa klabu hiyo hiyo wanashika tuktuk kwa nyuma wanavutwa, na wadogo wanaangalia ndio wanajifunza hayo.

Na kocha? Kocha yuko kivulini na simu. Kazi ya kufundisha ameachiwa kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa watu, simlaumu, naye hakufundishwa.

Nilikaa masomo mawili mazima nikitazama. Somo lote ni "sukumeni, nendeni, rudini." Binti yangu ndiye anayejua majina ya miruko, ameyatoa kwenye video, siku moja akamuuliza kocha Axel watafundishwa lini. Mimi fundi nilidhani anauliza ekseli ya tuktuk. Kumbe ni mruko, umeitwa kwa jina la Axel Paulsen wa Norwei aliyeuruka mwaka 1882, na ndio pekee kati ya ile miruko mikubwa ambao mtu anauanza akitazama mbele, kwa hiyo unamdai nusu mzunguko zaidi ya mingine. Hayo nimeambiwa na mtoto wa miaka 10 njiani tukirudi nyumbani. Kocha alimjibu, "Hiyo ni ya baadaye." Sawa, ni ya baadaye, hata mimi naona. Lakini ya sasa ni ipi?

Kuna mzee wa Kitaliano analeta baiskeli yake kwangu, yuko Malindi miaka mingi, Kiswahili chake ni cha sokoni lakini tunaelewana. Nilipomtajia skating aliruka juu kama nimemtajia mamake. Kumbe utotoni kwao alikuwa anateleza kwa magurudumu kwenye uwanja wa kanisa, na Italia huo mchezo wanautawala. Akauliza, "Fundi, mtoto amefundishwa kuanguka?" Nikacheka. Hakucheka. Alisema siku ya kwanza yote ni kuanguka na kuinuka. Unakunja magoti, unalala upande kwa tako na paja, mikono unaikusanya kifuani, ukishafika chini unakunja vidole wasije wenzako wakavikanyaga na magurudumu. Kwa nini? Kwa sababu mtu akianguka akili yote inakimbilia viganja, anatanguliza mkono, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika. Ya pili ni kusimama. Ya tatu ndio kwenda. Kwetu walianza na ya tatu, na ya kwanza na ya pili hawakuzifikia kabisa.

Akachukua chaki yangu ya kuandikia bei akachora nane kubwa kwenye saruji ya karakana, duara mbili zimegusana. Akasema neno lenyewe figure ni michoro hiyo, watu walikuwa wanaichora kwa chuma kwenye barafu, mguu mmoja, mara ukingo wa ndani, mara wa nje. Barafuni mashindano makubwa ya dunia yaliiacha michoro baada ya 1990, lakini kwenye magurudumu duara bado zinapakwa sakafuni na watoto wanazifuata mpaka mguu unajua wenyewe. Nikamuuliza binti yangu kama amewahi kuona duara lolote kule. Akasema, "Baba, kuna lile la bodaboda kugeuzia."

Jumamosi ya saba. Wanafundishwa "kusimama kwa kidole", yaani kuna mpira mbele ya kiatu unaugusisha chini kupunguza mwendo. Binti yangu akashuka na wenzake, kabro ile ina mteremko kidogo. Nilikuwa nimesimama kama hatua ishirini. Akainamisha kidole cha kulia, nikasikia sauti ninayoijua vizuri sana, chuma juu ya jiwe, krrr, kisha mguu ukampita mbele. Mkono ukatangulia. Hakulia mara moja. Aliuangalia mkono wake kwanza, umepinda kama uma ulioinamishwa, ndipo akalia.

Helmeti hakuwa nayo, nashukuru Mungu kichwa kilisalimika. Kinga za mikono hakuna. Za magoti zilikuwa jozi nne kwa watoto kumi na tisa, anayewahi ndiye anayevaa. Kisanduku cha huduma ya kwanza kina plasta za kidonda zilizoganda. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye tuktuk ya rafiki yangu, kiatu cha kushoto kilivuliwa pale pale, cha kulia tulikwenda nacho hospitali. Piksha ikaonyesha mfupa wa mkono umevunjika karibu na kifundo. Plasta wiki sita.

Usiku ule sikulala, nikakipeleka kile kiatu cha kulia karakana nikakifungua. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo, si kwenye bahati mbaya. Bahati mbaya naijua.

Ule mpira wa mbele umelika wote. Wote. Kilichobaki ni kichwa cha bolti, kimeng'aa kwa kusuguliwa. Maana yake si cha jana, kimesuguliwa miezi. Mtoto aliambiwa afunge breki, na breki yenyewe ni bolti tupu. Mpira ule unafunguliwa kwa spana moja, ni kazi ya dakika tano.

Magurudumu manne yameandikwa 97A. Herufi na namba ile ni ugumu, namba ikipanda gurudumu ni gumu zaidi. Hayo ni ya sakafu ya ndani. Njia mbovu inataka laini, kama 78A hivi, linameza mitetemo. Ndiyo sababu mtoto alikuwa anasema meno yanagongana na mimi namwambia azoee. Najilaumu kwa hilo.

Beringi ni 608, zile zile ndogo za ndani milimita 8 na nje 22 ambazo fundi yeyote amezishika. Kwenye kiatu kimoja ziko nane. Nane zile nimezitoa moja moja nikazipanga kwenye gazeti. Tatu zimekufa kwa kutu, hazizunguki hata kwa koleo. Mbili zinasaga mchanga, ukizitikisa sikioni unausikia. Yaani gurudumu moja linakwenda, jirani yake linaburura, mguu utanyooka vipi? Chumvi ya bahari na mchanga, mtu asiyepangusa na kutia mafuta baada ya kila siku ya ufuoni anaua beringi kwa wiki chache. Mimi nilikuwa hatua ishirini pale kila Jumamosi! Wangeniambia, Baba Fulani, tusaidie na hivi viatu, ningevifanya bure na soda ningenunua mwenyewe.

Na ndani ya kiatu kulikuwa na soksi mbili zimesokotwa mbele. Namba 38. Binti yangu anavaa 34.

Nikapiga picha zote nikaziweka kwenye grupu ya wazazi, kwa adabu kabisa, nikauliza maswali matatu. Kocha akajibu kwa kidole gumba. Saa mbili baadaye mwenye klabu akaandika kwamba mtoto hakufuata maagizo, na kwamba nilitia sahihi fomu. Ni kweli nilitia. Ilikuwa ya Kiingereza kurasa tatu, nilipewa nikiwa nimesimama, watoto wanapiga kelele, nikaambiwa "ni ya kawaida tu mzee, weka hapa." Nikaomba nirudishiwe basi angalau mwezi wa pili ambao mtoto hakuumaliza. Akasema ada hairudishwi. Wazazi wawili walianza kuandika kuniunga mkono, ujumbe wao ukafutwa.

Halafu jana, kabla hawajanitoa, nikapokea ujumbe huu, naunukuu neno kwa neno: "Rudisha kiatu cha klabu au ulipe 4500, tukichelewa kukipata tutachukua hatua."

Hatua! Hata "mtoto anaendeleaje" hakuna.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma mlioandika hapo chini. Anayesema eti mtoto wa kike na sketi, sorry, na skating wapi na wapi, apeleke hayo kwake, mtoto wangu ataendelea. Anayesema nilimwachaje mtoto apande bila helmeti na mimi natazama, huyo amenipata, sina jibu, nililiona na nikanyamaza kwa kuwa nimelipa na nikadhani wanajua. Mliosema niende kwa wazee wa mtaa kwanza kabla ya polisi, nimeenda, Jumatano tunakaa nao. Wazazi wengine wa klabu hiyo hiyo, tafadhali njooni Jumatano, hata kama mtoto wako hajaanguka. Na kabla ya Jumamosi geuzeni viatu mvitazame chini, ule mpira wa mbele, kisha zungusheni kila gurudumu kwa kidole. Lisilozunguka, mtoto asilivae.

Ninachodai ni 2,800 ya mwezi wa pili ambao hakuumaliza na pesa za hospitali, risiti za hospitali ninazo. Ya mwezi wa kwanza na ya kujiandikisha wakae nayo. Na kama kuna mtu Malindi, Watamu au Kilifi anayefundisha kweli, anayeanza na kuanguka, aniandikie, plasta ikitoka tutakuja. Mzee wa Kitaliano amejitolea lakini ana miaka 74 na mkewe amemkatalia.

Kiatu chao kiko karakana, kimening'inia kwenye msumari juu ya pampu. Nimekitia beringi nane mpya na mpira wa mbele nimekata kwenye tairi la pikipiki. Wakija na pesa zangu watakipata, na hiyo kazi sitawatoza.