Majani ya chini ya sakulenti yamelegea na yanapitisha mwanga: nipunguze maji au nibadili udongo?

Ua_la_Mezani:
Habari wadau. Nina Echeveria, aina ya sakulenti (mmea wa majani manene yanayotunza maji), yenye upana wa sentimita 8, iko kwenye chungu cha plastiki cha sentimita 15. Udongo ni mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi. Napewa ushauri wa "maji kidogo kidogo", hivyo naweka vijiko vitatu kila baada ya siku tatu. Chungu kipo mita mbili kutoka dirishani. Majani ya chini yamekuwa ya manjano, ukiyaelekeza kwenye mwanga yanaonekana kama nailoni iliyoloa, na ukiyagusa tu yanadondoka. Shina nalo limerefuka, majani yameachana. Nianzie wapi? Na nikihamisha, niweke kokoto chini ya chungu?

Shina_na_Jani:
Ng'oa leo, usisubiri udongo ukauke. Jani laini linalopitisha mwanga limejaa maji hadi seli zake zimepasuka. Mmea wenye kiu huwa tofauti: majani hunywea na kujikunja, ya chini kabisa hukauka kama karatasi, lakini hayawi rojorojo. Watu wengi huona jani limelegea wakaongeza maji, na hapo ndipo mmea hufa.

Kung'uta udongo wote, tazama mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya kahawia na inakaza. Iliyooza ni nyeusi, ukiivuta ganda linavuka kinabaki kiuzi. Kisha kata shina kwa kisu kikali, vipande vyembamba kutoka chini, kama unakata karoti. Ukiona duara la kahawia au hata nukta moja nyeusi katikati, bado uozo upo. Sogea juu nusu sentimita, futa kisu kwa spiriti, kata tena. Usipofuta kisu unaupaka uozo kwenye kidonda kipya. Acha pale tu uso wote wa mkato unapokuwa wa kijani mpauko au mweupe, bila doa.

Bandua majani ya chini ubakize shina la sentimita 2 au 3. Weka kichwa hicho, yaani sehemu ya juu uliyoikata, mahali pakavu penye hewa na kivuli siku 3 hadi 5, mpaka kidonda kifanye ganda gumu. Kikipandwa kibichi, kuvu huingia. Baada ya hapo kisimamishe kwenye mchanganyiko mkavu, bila maji, takriban wiki mbili au tatu. Kivute taratibu: kikigoma, mizizi imeshika.

Majani mazima uliyobandua usiyatupe. Yalaze juu ya udongo. Jani lililotoka na kitako chake huchipua ndani ya wiki chache. Lililokatika katikati halichipui.

Chungu_Chepesi:
Naongezea upande wa udongo, maana ndio uliokuponza. Samadi na udongo mweusi hushika maji siku nyingi, na chungu kikubwa kuliko mmea kina udongo usio na mizizi ya kuyanywa. Chukua chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, chenye tundu, kipana kuliko mmea kwa sentimita 2 tu.

Mchanganyiko: sehemu 1 ya udongo wa kupandia usio na samadi, sehemu 2 za punje ngumu za milimita 3 hadi 6, kama perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), mawe ya volkano au tofali la kuchoma lililopondwa. Chekecha utoe vumbi lote. Mchanga laini haufai, unaziba nafasi za hewa na kugandamana. Wa baharini una chumvi. Kipimo: jaza chungu, mimina kikombe cha maji. Yasituame juu, yaanze kutoka tunduni ndani ya sekunde chache.

Kokoto chini, hapana. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe. Kwa hiyo unasogeza tabaka la maji karibu na mizizi badala ya kuliondoa. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha.

Dirisha_la_Asubuhi:
Na vile vijiko vitatu viache kabisa. Vinalowesha juu tu, na udongo haupati nafasi ya kukauka kati ya mara moja na nyingine. Mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, mwaga yaliyo kwenye kisahani, halafu subiri. Chomeka njiti kavu hadi chini ya chungu, iache dakika 10. Ikitoka na unyevu au chembe za udongo, bado. Kalenda haijui hali ya hewa ya chumba chako. Usinyunyizie majani: maji yakituama katikati ya mmea, majani yanapokutana, yanaozesha kitovu, na ule unga mweupe juu ya majani ukifutika haurudi kwenye jani hilo.

Shina kurefuka ni njaa ya mwanga. Sogeza chungu dirishani penyewe, kipate jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwa siku. Anza na muda wa saa moja tu wa jua la asubuhi, ongeza taratibu kwa wiki mbili, kwa sababu jani lililounguzwa na jua hubaki na kovu. Kama huna dirisha lenye jua, Haworthia, sakulenti nyingine, inavumilia zaidi.

Ua_la_Mezani:
Asanteni sana. Kisiki kitakachobaki nacho kinachipua?

Shina_na_Jani:
Kikiwa na uozo, kitupe pamoja na udongo wake. Kikiwa safi, kiache chunguni, kidonda kikauke, na machipukizi hutokea pembeni mwa shina, pale majani yalipokuwa. Kagua sehemu hizo: ukiona kitu kama pamba nyeupe ni vidung'ata (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu), viguse kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, rudia kila wiki hadi viishe.